Bustani ya nyumbani kiangazi hiki, jerikani mbili kwa siku, niokoe nini?

MamaZuu_Arua

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu maana bustani yangu inaniishia hivi hivi huku naangalia.

Niko Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda. Nyuma ya nyumba nina vitalu vinne, kila kimoja upana mita moja na urefu mita nne hivi. Kimoja ni sukuma, kimoja nyanya, kimoja nimechanganya dodo (mchicha) na vitunguu vya majani, cha mwisho bamia na biringanya. Nyinyi wa Kampala hata Januari inaweza kudondoka mvua kidogo, huku kwetu ikishakatika mwezi wa kumi na moja ndo basi tena, mpaka mwisho wa mwezi wa tatu au wa nne ndo unaisikia kwenye mabati. Sahizi saa tatu asubuhi jua tayari kali, ule upepo mkavu wa kaskazini unapita siku nzima na vumbi lake, nguo unaanika na nusu saa haijaisha imeshakauka, sasa fikiria majani ya mboga yanapitia nini.

Shida yangu kubwa ni maji. Bomba linatoka siku likipenda, tena usiku wa manane, tunaamka kukinga. Tukishatoa ya kupika, kuoga na kufua, ya bustani yanabaki jerikani mbili, siku nzuri tatu. Kununua kwa vijana wa baiskeli kila siku siwezi, kiangazi bei wanapandisha na siwalaumu maana nao wanayafuata mbali.

Sasa hali ndo hii: sukuma zinalala mchana kabisa kama zimemwagiwa maji ya moto, jioni zinaamka. Nyanya maua yanadondoka, na zile chache zilizoshika zina kitako cheusi, ukigeuza chini unaona duara limebonyea na kuoza. Majani ya nyanya yamepata vidoadoa vya njano na chini yake kuna kitu kama utando wa buibui mwembamba. Jirani ananiambia nimwagie kidogo kidogo mara tatu kwa siku ili udongo usikauke. Mwenye duka la pembejeo ameniuzia dawa ya wadudu nipulizie kila wiki. Mama mkwe anasema ng'oa vyote usubiri mvua.

Naomba mniambie ukweli. Nimwagilie saa ngapi na kiasi gani, maji ya kufulia naweza kutumia, na nyanya nizing'oe au zina uhai? Hii bustani ndo mboga ya watoto, sokoni kiangazi fungu la dodo limekuwa dogo na bei imepanda.

kijana_wa_Lira

Dada funika udongo. Kabla hujafanya kingine chochote funika udongo. Nyasi kavu, mabua ya mahindi, majani ya migomba, maganda ya karanga, chochote ulichonacho, unene wa vidole vinne. Udongo ulio uchi kiangazi unachemka, ingiza mkono saa nane mchana utaona mwenyewe.

Mkulima_Kasese

Dada MamaZuu pole sana. Mimi niko Kasese, huku nako jua halina utani, tuko bondeni na Rwenzori inatuzibia mvua, unaona mawingu yamejaa mlimani na wewe chini umekauka. Kwa hiyo nitakuandikia kwa urefu kidogo nivumilie.

Kwanza tufanye hesabu maana bila hesabu utahangaika tu. Mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwenye joto kama hilo kitalu kilichojaa mboga kinapoteza kama milimita tano kwa siku, upepo ukiwa mkali hata zaidi. Kitalu chako ni mita nne za mraba, kwa hiyo ni lita 20, yaani jerikani moja kwa kila kitalu kila siku. Vitalu vinne ni jerikani nne. Wewe unazo mbili. Hapo ndo ukweli wenyewe ulipo, kwa maji hayo huwezi kuweka vitalu vinne vizima mpaka mwezi wa nne, na ukijaribu kugawa sawa sawa vyote vinne vitakuwa nusu hai nusu wafu na hutakula hata kimoja. Matandazo aliyosema ndugu wa Lira yanasaidia sana, lakini yanazuia maji yanayopotea kwenye udongo, yale yanayotoka kwenye majani ya mmea yataendelea kutoka. Kwa hiyo chagua vitalu viwili vya kuwalisha watoto na uvipe maji ya kweli, viwili vingine utatafutia njia nyingine au utavipumzisha.

Pili, hiyo ya kumwagia kidogo kidogo mara tatu naomba uiache leo leo. Nusu jerikani ukiitawanya kitalu kizima inalowesha sentimita mbili tatu za juu basi, saa sita imeshapaa. Na mizizi inafuata maji, ikizoea kwamba maji yako juu inabaki juu, na juu ndo kwenye moto. Bora leo kitalu cha kwanza kipate jerikani zote mbili, kesho cha pili kipate zote mbili. Mwaga taratibu, nusu kwanza, subiri ikunywe, halafu nusu nyingine. Kama udongo wako ni wa mchanga mchanga hautashika maji ya siku mbili, hapo mwaga kila siku jerikani moja moja lakini kwa mkupuo mmoja.

Kupima usitumie macho, juu patakuwa pakavu siku zote. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili, ukisikia ubaridi na udongo unanata kidogo, acha, hauna kiu. Na sukuma kulala mchana na kuamka jioni isikutishe, hapo mmea unajikinga tu, majani yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoleta. Ukiikuta imelala saa kumi na mbili asubuhi hiyo ndo kiu, mpe maji siku hiyo hiyo.

Muda: alfajiri kabla jua halijapanda ndo bora kuliko wote, jioni baada ya saa kumi na moja ni wa pili. Kwa kuwa maji yenu yanakuja usiku na mnaamka kukinga, hiyo alfajiri inakufaa.

Na umbo la kitalu. Wengi tumefundishwa kuinua vitalu, mvua ikiwa nyingi ni sawa kabisa, kiangazi kitalu kilichoinuliwa kinakauka pande zote. Sahizi mboga ziko ardhini huwezi kuzamisha, ila chimba kamfereji kadogo katikati ya mistari, kina cha kiganja, mwaga maji humo humo, halafu funika mfereji na nyasi. Ukipita kwenye mashamba ya Mubuku hapa kwetu ambako maji ya mto yanaletwa na mifereji tangu miaka ya 60, utaona maji yanapita mguuni mwa mmea, hayarushwi juu ya majani. Msimu wa kiangazi ujao vitalu vyako vichimbe vizame sentimita 10 hadi 15 chini ya njia, kingo zikae juu, maji hayatakimbia.

NyumaYaMabati

Niongeze tu hapo kwa muda, usimwagie mchana kwa sababu matone yanaunguza majani kama kioo cha kukuza. Nimesikia hivyo tangu shule ya msingi.

Bwana_Shamba_Soroti

Ndugu NyumaYaMabati hilo la matone kuunguza majani limezoeleka lakini sababu ya kweli si hiyo. Kwenye majani ya mboga kama sukuma au nyanya tone linakauka kabla halijachoma kitu. Mchana usimwagie kwa sababu maji mengi yanapaa kabla hayajafika kwenye mizizi, basi. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanaona mche unakufa saa saba wanaogopa kuupa maji wakisubiri jioni, jioni wanakuta umekufa. Mche mdogo ukiuona umelala kabisa mchana mpe maji mguuni na uuwekee kivuli, hautaungua.

Sasa dada nije kwenye nyanya zako maana naona hapo una mambo matatu tofauti na dawa uliyouziwa haitibu hata moja.

Kitako cheusi si ugonjwa wa kuambukiza wala si mdudu. Ni tunda kukosa kalisi (madini ya kalsiamu) wakati linakua, na mara nyingi kalisi iko kwenye udongo tele, ila inasafiri na maji, sasa maji yakija leo mengi, kesho hakuna, keshokutwa kidogo, tunda linakosa sehemu ya mwisho kabisa ambayo ni kitako. Dawa yake ni maji yanayokuja kwa mpangilio na udongo uliofunikwa. Yale yaliyokwisha kuoza chuma utupe, yananyonya bure. Yanayofuata yatakuwa mazima kama umetengeneza maji. Na usiweke yuria wala CAN sasa hivi, mbolea ya chumvi kwenye udongo mkavu inaunguza mizizi na inazidisha hiyo shida.

Maua kudondoka ni joto. Nyanya mchana ukizidi nyuzi 32 hivi na usiku usipopoa, chavua yake inaharibika, ua linakosa kushika na linaanguka. Hapo maji peke yake hayatoshi, inataka kivuli. Simika nguzo nne za miti, juu weka matete au makuti au majani ya migomba yaliyopangwa kwa nafasi, mwanga upite nusu. Kivuli kiwe upande unaopigwa na jua la mchana na alasiri, jua la asubuhi liachie. Neti ya kivuli ya dukani ni nzuri lakini si lazima.

Vidoadoa vya njano na utando chini ya majani, huyo ni utitiri mwekundu. Chukua karatasi nyeupe, iweke chini ya jani, gonga jani na kidole, utaona vitu vidogo kama vumbi jekundu vinatembea. Anapenda joto na vumbi, kiangazi ndo sherehe yake. Huyu si mdudu wa kawaida, yuko ukoo mmoja na buibui, na dawa nyingi za wadudu zinazouzwa madukani hazimuui, zinaua wadudu wazuri wanaomla yeye, kwa hiyo ukipulizia kila wiki kama ulivyoambiwa utamkuta amezidi. Kata majani yaliyojaa utando, yatie kwenye mfuko na uyachome au uyafukie mbali, usiyatupe kwenye mboji. Yaliyobaki osha upande wa chini kwa maji, hata kwa kitambaa kilicholowa kama miche si mingi, rudia kila baada ya siku tatu nne. Maji ya sabuni ya mche kidogo sana yanasaidia, pulizia jioni sio juani. Na njia ya vumbi iliyo karibu na kitalu iwekee nyasi, vumbi likitua kwenye majani ndo linamsaidia yeye.

Kuhusu kung'oa: hesabu miche yenye afya. Ile iliyoshambuliwa nusu ya majani toa, iliyobaki uilinde. Nyanya sita zilizonyweshwa vizuri chini ya kivuli zitakupa zaidi ya ishirini zenye kiu.

MamaZuu_Arua

Mungu awabariki jamani, nimejaribu ile ya karatasi nyeupe sasa hivi na wako, wanatembea kabisa! Wekundu wadogo hata jicho lazima ulikaze. Ile dawa sitapulizia.

Swali langu kwa matandazo: huku kwetu mchwa. Ukilaza nyasi kavu chini baada ya wiki unakuta wameshazijengea udongo juu, wakimaliza nyasi wanapanda kwenye shina la biringanya. Na kuku wa majirani wanachakura kila kitu. Mnafanyaje?

Hajat_Bombo

Assalam aleikum binti yangu. Mimi ni mtu wa Bombo lakini nimezaliwa Koboko, huko huko jirani na Arua, na najua hiyo ardhi na hao mchwa.

Mchwa anatafuta kitu kikavu. Usilaze mabua makavu matupu. Changanya na majani mabichi, kata yale maua ya njano yanayomea kando ya barabara, alizeti ya mwituni, yana harufu kali na majani yake yakioza ni mbolea nzuri kuliko unavyofikiri, laza hayo chini kwanza halafu nyasi juu. Sisi tumeona mchwa hawapendi hayo. Acha nafasi ya kiganja kizima kuzunguka shina, matandazo yasiguse mmea, hapo wakija watakula nyasi na hawana daraja la kupandia. Ukiona wamejenga vunja kila asubuhi unapomwagilia, mahali penye unyevu wakisumbuliwa sumbuliwa wanahama. Na kama wamekula nusu ya nyasi usisikitike, wameingiza majani kwenye udongo na wametoboa vitundu vya maji kupita, ongeza nyingine tu. Dawa ya mchwa ya kumwaga usiiweke karibu na mboga ya kula watoto, tafadhali.

Kuku: matawi ya miiba juu ya matandazo, yalaze tu. Kuku hapendi kuchomwa mguu.

Sasa niseme la kwangu ambalo naona vijana hawajasema. Kiangazi si wakati wa kubembeleza mboga za mvua. Hiyo nafasi ya vitalu viwili unavyovipumzisha kuna mboga zinazolijua jua. Osubi, majani ya kunde, akishaota na kushika mizizi anakaa na maji kidogo sana na unachuma wiki baada ya wiki. Bamia uliyonayo iache, bamia ni mtoto wa jua, mpe maji mara mbili kwa wiki akiwa ameshakomaa, atakupa. Malakwang, ile mboga ya majani machachu, vilevile, na mlenda. Na kama una mihogo pembeni au kamba za viazi vitamu, majani yake ni mboga, kisamvu kinapikwa na karanga watoto wanamaliza sufuria. Sukuma na nyanya zile za kudekezwa ziwe chache karibu na mlango.

Chungu pia. Tafuta chungu cha udongo kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, cha lita tano hivi, wafinyanzi sokoni wanacho, hata chenye mdomo uliovunjika wanakuuzia rahisi. Kifukie katikati ya miche mdomo ubaki juu, jaza maji, funika na kigae au kifuniko chochote mbu wasizalie humo. Udongo ukikauka unavuta maji kupitia ukuta wa chungu, ukilowa hauyavuti. Nyanya nne zikizunguka chungu kimoja hutashika jerikani kwa siku mbili tatu. Asiyepata chungu watu wanafukia chupa ya soda kichwa chini, kifuniko kimetobolewa tundu moja la sindano, kitako kimekatwa, nayo inafanya kazi ila inaziba ziba.

Baraka_Nakivale

Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi, tunaishi na maji ya foleni kwa hiyo swali la maji ya kufulia nijibu mimi.

Yanafaa lakini si yote na si kila mahali. Maji ya kwanza yenye povu zito la sabuni ya unga, hayo yana chumvi chumvi nyingi, ukimwaga mahali pamoja kila siku udongo unakuwa mgumu na majani yanaungua kingo. Hayo peleka kwenye mgomba au papai au mti wowote mkubwa. Maji ya kusuuza, ya pili na ya tatu, hayo mwaga kwenye mboga, kwenye udongo, sio juu ya majani, hasa mboga inayoliwa mbichi. Kama ulitia Jik (dawa ya kung'arisha nguo) usimwage kwenye mmea wowote. Maji ya kuoshea mchele na maharage na mboga ni mazuri kabisa, usiyatupe. Ya kuoshea vyombo yenye mafuta na chumvi ya chakula yaache, au yapeleke mgombani.

Na usiyalaze usiku kucha kwenye beseni, yananuka, yatumie siku hiyo hiyo. Badilisha badilisha, leo maji ya kusuuza kesho maji safi, udongo upate kujisafisha.

Sisi tunafanya hivi: kuna kitalu cha duara kimezungushiwa mawe, katikati kuna kikapu cha fito kimejaa majani na samadi na maganda ya jikoni, maji yote ya kusuuza yanamwagwa kwenye kikapu hicho, yanachuja na kusambaa chini chini mpaka kwenye lengalenga (mchicha) na sukuma zilizopandwa kuzunguka. Mama ukifua nguo za familia kila siku mbili una jerikani nzima hapo ambayo hukuihesabu.

dada_Kawempe

Samahani naingilia, mimi sina vitalu niko Kawempe, Kampala, kwenye mzigo (chumba cha kupanga), nimepanda sukuma kwenye magunia na nakati (mboga ya majani) kwenye kavera (mifuko ya plastiki) nyeusi juu ya saruji. Zinakauka hata nikimwagia asubuhi na jioni. Ni hivyo hivyo au kwangu ni tofauti?

Mkulima_Kasese

Kwako ni tofauti dada. Saruji inapokea jua mchana kutwa na kukurudishia, na kavera nyeusi inapika mizizi. Kwanza inua hizo kavera kutoka kwenye saruji, weka mbao au matofali chini. Pili zifunike kwa nje na kitu cheupe, gunia la sukari la zamani, au zipange zishikane ziwekeane kivuli, za pembeni ndo zinaumia. Nakati anapenda maji sana, ndo maana Buganda wanampanda mabondeni kiangazi, huyo mpeleke upande unaopata jua la asubuhi tu. Gunia kama halina nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, udongo wa chini utabaki mkavu hata ukimwaga jerikani, utaona maji yanatiririka pembeni. Ukipata nafasi pita Kyanja, kile kituo cha kilimo cha KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, wana magunia na vitalu vya mjini vya mfano, utaona kwa macho.

NyumaYaMabati

Mimi naweka majivu kwenye sukuma yanafukuza wadudu, mnasemaje?

Bwana_Shamba_Soroti

Konzi moja mara moja moja sawa, vidukari hawapendi. Lakini majivu yanapunguza uchachu wa udongo na kuupeleka upande wa chokaa, na yana chumvi, kiangazi hakuna mvua ya kuyaosha, ukirundika kila wiki udongo unaharibika. Vidukari wa sukuma toa majani ya chini yaliyozeeka, wanaanzia huko, na mmea wenye majani machache unakunywa kidogo. Sukuma moja iache na majani sita saba ya juu, mengine chuma upike.

MamaZuu_Arua

Nimerudi. Nimekaa na mzee wangu jana jioni tukaamua kufuata hesabu ya ndugu wa Kasese. Sukuma zinabaki na nyanya zinabaki, ila nyanya nimetoa zile zilizojaa utando zimebaki chache zenye nguvu, tumezipanga na chungu kimoja, mama mkwe alikuwa nacho jikoni kimepasuka mdomo. Kile kitalu cha dodo na vitunguu tunamalizia kula halafu tunakiacha kikiwa kimefunikwa. Bamia zinabaki kwa maji ya mara mbili kwa wiki, biringanya nitaona. Maji ya kusuuza nguo nimeanza kuyaweka kwenye beseni tofauti, na kweli ni jerikani nzima kasoro kidogo, muda wote huo yalikuwa yanaenda mtaroni.

Nimeuliza osubi sokoni, mbegu zipo. Ila nizipande sasa hivi kwenye ukavu huu au nisubiri? Na miche ya sukuma mpya ya msimu wa mvua nianze lini kitaluni, nisije nikachelewa mvua ikaanza sina kitu cha kuhamisha.

Hajat_Bombo

Osubi panda sasa lakini kipande kidogo tu, hatua mbili tatu za mguu, si kitalu kizima. Loweka mbegu usiku mmoja, lowesha mashimo kwanza maji yazame, weka mbegu mbili, fukia, funika na nyasi. Mwagilia mpaka zitoe majani manne hivi, baada ya hapo punguza. Ukianza kuchuma chuma ncha, atatoa matawi.

Bwana_Shamba_Soroti

Miche ya sukuma inakaa kitaluni wiki nne, nyanya nne mpaka sita. Mvua zenu zinaanza kushika mwisho wa mwezi wa tatu kuingia wa nne, kwa hiyo sia nyanya mwisho wa Februari na sukuma wiki ya kwanza ya Machi. Kitalu cha miche kiwe kidogo kama mlango, kopo mbili za maji zinatosha asubuhi na moja jioni, kiwe chini ya mwembe au chini ya kichanja cha nyasi. Wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha toa kivuli polepole na punguza maji, mche uliozoea kivuli ukiutoa ghafla juani unalala na hauamki.

Mvua ya kwanza isikudanganye. Huwa inakuja moja kubwa halafu jua wiki nzima. Baada ya mvua chimba na mkono, ukikuta unyevu umefika urefu wa jembe ndo uhamishe, na uhamishe jioni.

Na kabla ya hiyo mvua angalia bati la nyumba yako. Paa la mita 30 za mraba likipata mvua ya milimita 20 linatoa lita 600, toa zinazoruka na kuvuja, unabaki na kama 480, hiyo ni jerikani 24 kwa mvua moja. Mfereji wa bati na pipa moja au mawili, anza kuvitafuta sasa wakati fundi hana kazi nyingi, mvua zikishaanza kila mtu anamtafuta.

MamaZuu_Arua

Pipa ninalo moja la plastiki lilikuwa la mafuta ya kupikia, linaoshwa vipi mpaka harufu itoke?

Baraka_Nakivale

Maji ya moto na sabuni ya unga, tikisa na mchanga kidogo ndani, suuza, rudia mpaka maji yasiwe na utelezi ukishika ukuta wa ndani. Kisha liache wazi juani siku mbili. Ukishaliweka chini ya mfereji funga mdomo na kitambaa kizito au neti ngumu, mbu na majani yasiingie, na mvua ya kwanza ya msimu iache ipite yote nje, inaosha vumbi la miezi na mavi ya ndege kwenye bati. Ya pili ndo ukinge.